Mtoto wa Geita Akisoma Sera ya Umma, Hajapotea

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, ushauri unaotembea kuanzia Kahama mpaka Katoro ni mmoja: soma biashara. Mwenye ECA aombe B-Com. Mwenye HGE aombe Utawala wa Biashara. Na yule aliyechaguliwa Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, ile PSPA ya Mlimani, au Utawala wa Umma wa Mzumbe, anapigiwa simu na wajomba watatu kwa siku moja wakimtaka ahame kozi mapema. "Sera hailiwi," wanamwambia.

Nina ugomvi na ushauri huu. Unatolewa kwa mapenzi, nalijua hilo, na wanaoutoa ndio wanaolipa ada. Lakini katika ukanda wetu wa dhahabu ni ushauri mbaya. Umetugharimu, na unaendelea kutugharimu.

Kwanza niueleze kama wenyewe wanavyoueleza, bila kuupunguza. Wanasema ukanda huu una pesa, na mwenye kuijua pesa ndiye atakayeishika. Wanasema serikali haiajiri kama zamani, hivyo aliyesoma utawala wa umma anakaa nyumbani na cheti kabatini, wakati aliyesoma biashara akikosa kazi anafungua duka, anakuwa wakala, ananunua mpunga Kahama na kuupeleka Mwanza. Wanasema sera ni siasa, na siasa ina wenyewe. Wanaongeza kwamba mzazi aliyeuza ng'ombe wanne kumsomesha mtoto ana haki ya kutaka ng'ombe wake warudi. Hoja hizo si za kijinga, na hiyo ya mwisho naiheshimu kabisa. Ndiyo maana zinastahili kujibiwa moja moja.

Dai la kwanza: pesa ya madini inatokana na biashara, si makaratasi

Ingia soko la dhahabu la Geita asubuhi. Mchimbaji wa Mgusu anatoa mfukoni kipande cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani mna kitonge cha dhahabu kilichochomwa mpaka zebaki ikaisha. Mnunuzi anakipitishia moto tena, anakipima hewani, kisha anakipima kikiwa ndani ya maji ili ajue usafi wake, anasoma gramu mpaka nukta ya pili na kugonga kikokotoo. Bei ya dunia wote wawili wameiona kwenye simu. Wanabishana kidogo sana, kwa sababu nafasi ya kubishana ni ndogo. Kisha kabla pesa haijahesabiwa yanafanyika makato, ambayo mwaka 2019 yalikuwa mrabaha 6%, ada ya ukaguzi 1%, ushuru wa huduma wa halmashauri 0.3%. Kwa kila shilingi milioni moja, shilingi 73,000 ziliondoka.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanga makato hayo. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa 3% chini ya sheria ya 1998, ukawa 4% kwa sheria ya 2010, ukafika 6% mwaka 2017. Kila badiliko liliandikwa na mtu mezani, likapita kwenye kamati, likajadiliwa bungeni. Ujuzi wa biashara wa mchimbaji, hata ungekuwa mkubwa namna gani, haukuweza kusogeza tarakimu hiyo.

Sasa kumbuka hali ilivyokuwa kabla ya 2019. Juu ya makato hayo kulikuwa na VAT ya 18% na kodi ya zuio ya 5% kwa mchimbaji mdogo. Nani angeuza hadharani? Dhahabu ilitembea usiku, ikavuka mipaka kwenye mifuko ya suruali, na mchimbaji akabaki mikononi mwa broka aliyempangia bei gizani. Januari 2019 wachimbaji na wafanyabiashara wa madini walikutana na Rais Magufuli Dar es Salaam wakaeleza kilio hicho. Mwezi uliofuata Bunge likabadilisha sheria na kodi hizo mbili zikaondolewa. Tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu Majaliwa akafungua soko la Geita, na masoko mengine yakafuata nchini kote.

Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote lililoingia mfukoni mwa mchimbaji mdogo katika miaka hii, na halikuletwa na mtaji, tangazo wala mbinu ya mauzo. Kilicholileta ni uamuzi wa sera uliotokana na watu kujenga hoja mbele ya wenye mamlaka.

Upande wa pili wa hesabu upo Kakola, mji unaoishi kwa mgodi wa Bulyanhulu. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, ule mchanga wa madini, kusafirishwa nje. Kabla mwaka huo haujaisha, uchimbaji wa chini ya ardhi Bulyanhulu ulikuwa umesimamishwa. Wenye nyumba za kupanga, mama ntilie, wenye bodaboda, wauza vocha na vipuri walishuka pamoja na mgodi, na wakasubiri hadi serikali na kampuni ya Barrick walipokubaliana, kampuni yao ya ubia ya Twiga ikaundwa, na mkataba ukatiwa saini Januari 2020. Mimi ni miongoni mwa walioona serikali ilikuwa na haki ya kudai chake, na hisa 16% tulizopata si kitu kidogo. Lakini mwenye duka wa Kakola angekuwa na shahada mbili za biashara zisingemwokoa. Hatima ya duka lake ilikuwa kwenye meza ya mazungumzo ambako hakuwa na mtu wake.

Wafanyabiashara wakubwa wenyewe wanalijua hili. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa. Juni 2024 ikafungwa tena, na mgomo ukafika mpaka Mwanza. Waliogoma ni watu waliobobea katika kununua na kuuza, na walichokidai ni kodi zirekebishwe, utaratibu wa ukusanyaji ubadilike, kikosi cha ukaguzi kiache kuwasumbua. Biashara waliijua tangu zamani. Wakati ule walikuwa wanapigania sera.

Dai la pili: shahada ya biashara hutengeneza matajiri

Waulize wanaotoa ushauri huu wakutajie matajiri wa Katoro, Masumbwe na Kahama mjini. Watakutajia mwenye makarasha, mwenye malori, mwenye mashine za mpunga, mwenye mitambo ya kuchenjua marudio. Kisha uliza wangapi kati yao wana shahada ya biashara. Wengi walianza na duara moja, au na gunia la mchele, au waliachiwa ng'ombe na baba.

Hapo hoja yao inajikata yenyewe. Ikiwa biashara hujifunzwa sokoni, na ushahidi wao ni watu waliojifunzia sokoni, basi miaka mitatu ya chuo inatafuta nini? Na ikiwa biashara ni lazima isomwe chuoni, kwa nini mifano yao yote ni ya watu wasiokanyaga huko?

Ukweli ni kwamba shahada ya biashara huandaa mwajiriwa: mhasibu, ofisa mikopo, ofisa masoko, ofisa ununuzi. Ni kazi za heshima. Ila tusimwambie kijana anaenda kujifunza kujiajiri wakati anaenda kuandaliwa kuomba kazi kama wenzake. Anayetaka kweli kununua na kuuza, mpe mtaji mdogo na miaka miwili ya kusimamiwa na mwenye duka mwaminifu. Itagharimu ng'ombe wachache zaidi.

Dai la tatu: sera ni siasa, na siasa ni mambo ya Dodoma

Dai hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, na hapa nitakaa zaidi.

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 iliiruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma hadi 0.3% ya mauzo ya kampuni. Lakini mikataba ya uendelezaji wa migodi, iliyosainiwa na serikali kuu, iliweka kikomo: dola 200,000 kwa mwaka kwa tozo za halmashauri, basi. Kikomo hicho kilidumu mpaka 2014, kampuni zilipoanza kulipa 0.3%.

Tufanye hesabu. Dola 200,000 ni 0.3% ya mauzo ya dola milioni 67. Mgodi ukiuza wakia 500,000 kwa bei ya dola 1,500, kiasi na bei ambavyo Geita iliviona katika miaka hiyo, mauzo ni dola milioni 750, na 0.3% yake ni dola milioni 2.25. Mwaka wa namna hiyo halmashauri inapokea dola 200,000 na kupoteza zaidi ya dola milioni mbili. Ni mwaka mmoja huo, kwa mgodi mmoja. Kila mwaka stakabadhi ilikatwa, fedha ikaingizwa kitabuni, hesabu zikafungwa.

Mtu aliyesoma biashara anaweza kupiga hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Lakini hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Maswali magumu ni mengine: mkataba wa wizara unaweza kuipunguzia halmashauri mapato ambayo sheria ya Bunge imeiruhusu? Nani aliukubali mkataba huo kwa niaba ya halmashauri? Unafunguliwaje upya? Barua aandikiwe nani, kwa kifungu gani, na diwani aseme nini ili isiishie kwenye faili? Mtaala wa masoko na usimamizi wa fedha haugusi maswali hayo. Wanaofundishwa namna ya kuyauliza ni wanafunzi wa sera ya umma, ndio wale tunaowapigia simu wahame kozi.

Wapo wanaosema mambo hayo hayawezekani kwa mtu wa kawaida, kwamba mikataba ni ya wakubwa. Wakumbuke mgodi wa Buzwagi. Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, aliusaini mkataba wa mgodi huo jijini London, wakati serikali ilishatangaza kwamba mikataba ya madini inapitiwa upya. Agosti mwaka huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, kijana wa miaka 30 aliyesoma uchumi Mlimani, alilipeleka suala hilo bungeni. Alisimamishwa ubunge. Lakini hoja ilishatoka. Novemba 2007 Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta nzima ya madini, na baada ya ripoti yake ikaja sheria mpya ya 2010. Unaweza kumpenda au kumchukia mwanasiasa huyo, na kwa hoja hii haidhuru. Alichofanya ni kusoma mkataba, kuuliza umesainiwa wapi na kwa nini, na kukataa kukaa kimya. Naye alitoka Kigoma. Mgodi ulikuwa Kahama.

Na anayedhani haya yote yanaamuliwa Dodoma, asome Sheria ya Madini kama ilivyo baada ya marekebisho ya 2017. Kila mwenye leseni anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na kukubaliana na halmashauri. Nasisitiza: na halmashauri, nyumbani. Geita, kwa miaka kadhaa tangu 2018, kiasi kilichotajwa hadharani kilikuwa karibu shilingi bilioni 9 kwa mwaka.

Fikiria mpango huo ukifika mezani. Kurasa kadhaa, nyingi kwa Kiingereza. Mstari mmoja ni zahanati, mwingine ni madawati, mwingine ni taa za barabarani. Mbele ya kila mstari pana thamani. Ofisa wa halmashauri anatakiwa kuuliza: bei ya mfuko wa saruji hapa imetoka wapi, mbona duka la mjini linauza chini yake? Zahanati hii ikikamilika, mishahara ya wauguzi imo kwenye bajeti ya nani? Kijiji kilicho jirani na shimo kimepata nini, na kimeulizwa? Mzabuni amepatikanaje? Kampuni inatuma watu wanaofanya kazi hiyo mwaka mzima, wenye wanasheria nyuma yao. Upande wetu akiketi mtu anayetafuta mahali pa kusaini, mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza.

Madiwani wetu wengi ni watu wenye akili nyingi waliosoma kidogo. Siwalaumu. Kinachonikera ni kwamba kila mwaka tunachukua watoto wetu wenye uwezo wa kukaa nyuma ya madiwani hao na kuwanong'oneza swali sahihi, tunawaelekeza kwenye kozi moja, kisha tunalia kwamba halmashauri imeuzwa.

Dai la nne: serikali haiajiri

Ni kweli, ajira za serikali ni chache, na sitamdanganya mzazi yeyote. Ila mbona hoja hii inatumika dhidi ya kozi moja tu? Machi 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilifanya usaili kwa nafasi 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Waliosomea uhasibu, kodi na biashara ni miongoni mwa watu ambao nafasi hizo ziliwalenga moja kwa moja. Kozi "inayolipa" ndiyo hiyo iliyopanga foleni. Mtoto wako akisoma kile ambacho kila mtu amesoma, atashindana na kila mtu.

Kazi za sera katika ukanda huu zipo, japo tangazo haliandiki "anatakiwa mtaalamu wa sera". Migodi mikubwa ina idara za mahusiano ya jamii. Tume ya Madini ina ofisi za mikoa. Kila halmashauri ina idara ya mipango, na kila kata na kijiji kina mtendaji. Vyama vya wachimbaji, kuanzia vya mkoa mpaka shirikisho lao la FEMATA ngazi ya taifa, vinahitaji mtu wa kuandika mapendekezo ya kodi kabla ya Bunge la bajeti la Juni, si kulalamika baada yake. Asasi zinazofuatilia mapato ya madini zina kazi tangu sheria ya uwazi katika sekta hiyo ilipopitishwa mwaka 2015. Na mchimbaji mdogo mwenye mgogoro wa mpaka wa leseni atalipa vizuri mtu anayeweza kumwandikia barua inayosomeka.

Kwa vijana wanaosoma sera, nina sharti moja. Msiende kukariri nadharia za utawala na majina ya Wazungu waliozitunga. Chukueni masomo ya uhasibu wa umma, sheria ya kodi na sheria ya ardhi hata kama ni ya hiari. Someni ripoti ya CAG kuhusu halmashauri zenu mstari kwa mstari. Mhitimu wa sera asiyeweza kusoma mizania ya kampuni ya madini ataaibika siku ya kwanza, na wajomba watapata ushahidi waliokuwa wakiutafuta.

Gharama ambayo haijahesabiwa

Buzwagi ilifungwa mwaka 2021. Mgodi ulioanza uzalishaji 2009 ukamaliza safari yake katika miaka kama kumi na miwili, na ushuru wa huduma na zabuni zilizotegemewa Kahama zikapungua. Sasa eneo hilo linageuzwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Huo ni uamuzi wa sera mwanzo mpaka mwisho: ardhi ibaki kwa nani, majengo na uwanja wa ndege vikabidhiwe kwa masharti gani, mwekezaji apewe nafuu ya kodi kwa miaka mingapi, na wenyeji wahakikishiwe nini.

Bulyanhulu itafungwa siku moja, na Geita pia. Sheria inataka mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya kulirekebisha eneo viwepo miaka mingi kabla. Mwadui walionja tarehe 7 Novemba 2022 maana ya kutokuwa na macho ya kutosha juu ya mgodi, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson ulipopasuka na tope kufunika mashamba na nyumba za watu Kishapu. Nani alikuwa anasoma ripoti za bwawa lile kwa niaba ya kijiji?

Kwa hiyo nina pendekezo kwa halmashauri zote za ukanda huu zinazopokea ushuru wa huduma: Geita zote mbili, Msalala, Kahama, Nyang'hwale, Mbogwe na nyinginezo. Kila mwaka zitenge ada na posho ya vijana wawili kutoka kata zenye migodi. Mmoja asome kodi na fedha za umma, mwingine sera na mikataba ya maliasili, wote wakiwa wamefungwa kurudi kufanya kazi miaka mitano katika idara ya mipango. Zisianze na mtoto wa mwenyekiti. Majina yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata. Fedha ya kufanya hivyo inapatikana katika robo moja ya mwaka ya ushuru ule ule ambao kwa miaka kumi na minne tuliupokea sehemu tu kwa sababu hatukuwa na wa kuuliza.